Kuchagua pigmenti za printi za kaboni: wino gani uingie kwenye jelatini yako

Watu wengi wakianza kuprinti picha kwa kaboni wanahangaika na negativu, wanahangaika na taa ya UV, wanahangaika na dikromati, ile kemikali inayoifanya jelatini ishikwe na mwanga, alafu ikifika kwenye rangi wanachukua tu chupa yoyote nyeusi iliyo karibu. Mimi naona hapo ndo kazi nyingi zinaharibikia, maana kwenye kaboni picha yako ni hiyo pigmenti yenyewe, hakuna fedha (ile madini, silver) inayobaki kwenye karatasi ikakutengenezea weusi, ni jelatini na chembe za rangi basi. Toni ya printi unaiamua siku unayokoroga sufuria. Printi ya fedha unaweza kuiingiza kwenye tona, yaani dawa ya kubadili toni, ya seleniamu au ya dhahabu baadae ukabadilisha mambo kidogo, hii huwezi, ikishatoka imetoka.

Kwa ambaye hajawahi kufanya, kazi yenyewe iko hivi. Unayeyusha jelatini na sukari kidogo, unatia pigmenti, unamwaga kwenye karatasi au plastiki, ikikauka hiyo ndo inaitwa tishu. Unaipaka dikromati ya amoniamu au ya potasiamu, ikauke gizani, unaweka negativu juu yake unaipiga mwanga wa UV. Palipopata mwanga jelatini inakuwa ngumu haiyeyuki tena, na ugumu unaingia ndani zaidi kadri mwanga unavozidi. Alafu unaibandika kifudifudi kwenye karatasi ya mwisho ndani ya maji baridi, unaiacha ishike, unaingiza vyote kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 mpaka 45, unabandua tishu taratibu, jelatini ambayo haikukazwa na mwanga inayeyuka inaondoka na picha inabaki. Joseph Swan wa Newcastle kule Uingereza aliichukulia patenti njia hii ya kuhamisha mwaka 1864, ila Mfaransa Poitevin alishaanza na pigmenti ndani ya jelatini yenye dikromati tangu 1855. Printi za enzi hizo zipo mpaka leo kwenye makumbusho na weusi wake haujapungua, sababu kaboni haifi kwa mwanga. Kama unataka kitu kitakachoishi hivo basi pigmenti lazima uichague kwa akili.

Amua kwanza unataka weusi gani

Nyeusi sio moja. Chukua masizi ya taa na kaboni nyeusi ya kiwandani, paka vyote vizito kwenye karatasi, utaona nyeusi mbili zinafanana tu. Sasa zizimue zote na maji mengi upake nyembamba, moja itaenda kwenye ubluu na nyingine itaenda kwenye ukahawia. Kinachofanya hivo ni ukubwa wa chembe. Chembe ndogo sana zinatoa weusi wa kina ukipaka nene lakini ukipaka nyembamba zinakuwa za kahawia, yaani za joto, na chembe kubwa kidogo kama za masizi zinatoa kijivu cha ubaridi. Printi ya kaboni ina vyote viwili kwa wakati mmoja, vivuli ni tabaka nene na mawingu au paji la uso ni tabaka jembamba sana, kwahiyo toni ambayo mtu ataiona kwenye uso wa bibi yako ni ile ya kupaka nyembamba, sio ile inayong'aa ndani ya chupa. Usichague wino kwa kuangalia tone moja zito.

Na hapa nina msimamo kabisa. Kwa picha za watu wenye ngozi nyeusi mimi natumia nyeusi ya joto, iende kidogo kwenye kahawia, kwasababu ngozi yetu ikiprintiwa kwa nyeusi ya baridi inapauka, inakuwa kama mtu hajapaka mafuta, na hata negativu iwe nzuri vipi uhai unapotea. Kwa bahari, kwa mashua, kwa kuta za chokaa za Mji Mkongwe au Lamu, hapo nyeusi ya baridi inakaa vizuri sana na nyeupe ya chokaa inakuwa safi. Kwahiyo kabla hujanunua chochote kaa na negativu zako ujiulize unaprinti nini hasa, alafu ndo uende dukani.

Soma namba ya pigmenti, jina la rangi achana nalo

Kila kampuni inaita rangi zake inavotaka, tyubu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na vitu tofauti kabisa ndani. Kinachosema ukweli ni namba ya pigmenti iliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya tyubu au kwenye karatasi ya maelezo. Inaanza na P alafu herufi ya rangi alafu namba, Bk ni nyeusi, Br kahawia, R nyekundu, Y njano, B bluu, V zambarau. Kwa nyeusi hizi ndo utakutana nazo:

PBk6 na PBk7 ni kaboni, masizi ya taa na kaboni ya kiwandani, hapa ndo nyumbani. Zinatia rangi kwa nguvu, hazichuji, haziogopi asidi wala chumvi ya soda. Wino mwingi mweusi wa kuchorea ni PBk7.

PBk9 ni ile inatokana na mifupa iliyochomwa, kaboni yake ni kama asilimia 10 mpaka 20 tu na iliyobaki sehemu kubwa ni fosfati ya kalsiamu. Ina ujoto mzuri lakini ni dhaifu, inabidi utie nyingi, na chembe zake ni kubwa. Inafaa kama nyongeza, sio kama msingi.

PBk11 ni oksaidi ya chuma. Hii ni nzito, uzito wake kwa ujazo ni karibu mara tatu ya kaboni, na inavutwa na sumaku, kwahiyo kama unatumia ile mashine ya kukorogea yenye kipande cha sumaku utakuta pigmenti yako imekwenda kujibandika pale. Mimi kwenye kaboni siitumii.

PBk8 ni mkaa wa mimea, kijivu cha ubaridi, dhaifu dhaifu. PBk10 ni grafaiti, ile ya penseli, inang'aa na haifikii weusi wa kweli, ipite.

Kama chupa haina namba kabisa na muuzaji hajui, isikutishe, ipo njia ya kuipima nyumbani nitaieleza hapo chini, ila usinunue lita nzima.

Vitu vya kutoa mezani kabla hujaanza

Dai, yaani rangi inayoyeyuka ndani ya maji. Pigmenti ni chembe zinazoelea ndani ya maji, dai imeyeyuka kabisa imekuwa kitu kimoja na maji. Wale waliowahi kuona kombe likiandikwa kwa zafarani kwenye sahani wanajua likimiminiwa maji linaondoka lote, halibaki hata mstari, na hivohivo dai itakavofanya printi yako ikiingia kwenye maji ya nyuzi 45, itatoka kwenye jelatini itadoa karatasi yote na kilichobaki kitachujishwa na jua. Wino wa peni na wino wa mihuri mwingi ni dai.

Wino wa zamani wa chuma na taniki, ile kali ya kwenye chai na magome ya miti, nao hapana. Taniki inaigandisha jelatini, inatengeneza mabonge, na chumvi za chuma zinaikaza. Kwa sababu hiyohiyo achana na wazo la kutia chai, hina au magome ya miti ya kutilia rangi, najua inavutia kutumia vitu vya asili lakini hizo ni dai zenye taniki, kasoro mbili kwa pamoja.

Tona ya mashine ya fotokopi ni plastiki, weka pembeni. Rangi za akriliki zina gundi yake ambayo ikikauka haiyeyuki tena, na wewe unahitaji kila kisichopigwa mwanga kiyeyuke. Kuna watu wanafanikiwa na akriliki nyembamba kwa kiasi kidogo sana lakini kwa anayeanza ni kujitafutia matatizo ya nyeupe chafu.

Na rangi zenye risasi, kadmiamu au kromati ya njano usizilete jikoni kwako kabisa, zipo mbadala salama za kila rangi.

Wapi utapata, na kila kimoja kina tabia gani

Wino wa India wa kuchorea ndo rahisi kuanzia. Ni PBk7 iliyosagwa tayari vizuri kuliko utakavoweza kusaga wewe, unapima kwa bomba la sindano unamwaga. Tatizo lake ni gundi iliyomo. Ile isiyotoka kwa maji ikikauka mara nyingi ina shelaki, ile ya vanishi ya mbao, na shelaki ikikutana na jelatini yenye asidi kidogo inaweza kuganda ikaleta vidoti. Sio kila chupa itafanya hivo, nyingine zinakwenda vizuri kabisa, ndo maana tunapima.

Wino wa Kichina na wa Kijapani wa kuandikia kwa brashi, wa kimiminika au wa kipande kile cha kusugua kwenye jiwe. Ule wa kipande kwa asili ni masizi na gundi ya wanyama, na gundi ya wanyama ni ndugu wa damu wa jelatini, kwahiyo unaingia bila ugomvi. Wapo wa masizi ya mafuta na wapo wa masizi ya msonobari, na wa msonobari ndo unaenda kwenye ubluu. Kwa ubora wa toni nyembamba mimi sijaona unaoupita, ila kusugua wino wa kutosha lita moja ya jelatini ni kazi ya mikono kweli. Vile vya kimiminika vya bei rahisi vingine vina gundi ya sintetiki badala ya ya wanyama, soma.

Rangi za maji za tyubu zina gamu arabiki, ule utomvu wa mgunga, na glisarini. Kwa kiasi kidogo haina shida na ndo njia bora ya kupata rangi za kurekebishia toni, kama kahawia au bluu, kwasababu unahitaji kidogo tu. Kuitumia kama nyeusi kuu ni ghali na gamu ikizidi tabaka linakuwa laini na la kunata, na kwa unyevu wa pwani hilo utalijutia.

Wino wa printa wa pigmenti nao upo kwenye maduka ya kompyuta. Hakikisha chupa inasema ni wa pigmenti, maana nyingi za kujazia printa ni dai, na mara nyingine nyeusi ni ya pigmenti ila rangi nyingine kwenye mashine hiyohiyo ni dai. Chembe zake ni ndogo mno, kwahiyo tegemea toni ya kahawia.

Chupa ndogo za rangi kali ambazo mafundi rangi wanachanganyia rangi za ukuta, hizo ni pigmenti kweli na ni bei nafuu, lakini zina sabuni na glikoli nyingi, jelatini itajaa viputo na itachelewa kukauka. Ukikosa vyote, jaribu.

Kama unataka kutengeneza mwenyewe kwa masizi

Inawezekana na inapendeza. Kibatari cha mafuta ya taa chenye utambi mrefu, juu yake bati au sahani ya chuma, masizi yanakusanyika unayapangusa kwa brashi laini. Ila masizi hayo mabichi yana mafuta ambayo hayajaungua, na mafuta yanakataa maji, ukiyatia kwenye jelatini moja kwa moja yataelea juu kama vumbi. Yaweke kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, toboa tundu dogo sana kwenye kifuniko, liweke kwenye jiko la mkaa nje, sio ndani, mpaka moshi uache kutoka kwenye tundu. Acha lipoe kabisa kabla ya kufungua, ukifungua lingali moto hewa ikiingia masizi yatawaka yote.

Baada ya hapo loanisha masizi na matone ya spiriti mpaka yawe uji mzito, maana spiriti ndo inayoyalainisha yakubali maji, ongeza gamu arabiki iliyoyeyushwa kidogo, saga kwenye kipande cha kioo kinene kwa kutumia kitako bapa cha chupa nzito, kwa mzunguko, ukikusanya na kisu cha putty na kusaga tena. Endelea mpaka ukichukua kidogo ukakipaka kwenye kioo ukashika kwenye mwanga usione nukta. Vaa barakoa wakati masizi bado ni unga, ni mepesi mno yanaruka na kifua kinayapokea. Yakishalowa hatari hiyo inakwisha.

Vipimo vya nyumbani, usiruke hata kimoja

Hapa ndo moyo wa mwongozo huu. Vyote vinahitaji kikombe cha jelatini na siku chache tu, na vinakuokoa kutupa lita nzima pamoja na karatasi nzuri.

Cha kwanza ni cha toni. Tone moja la wino kwenye maji mara hamsini yake, paka kwenye karatasi nyeupe ya rangi za maji, acha ikauke kabisa, angalia mchana karibu na dirisha, usiangalie chini ya balbu ya njano. Weka pembeni ya wino mwingine wowote mweusi ulionao, peke yake jicho halitakwambia kitu, jicho linajua kulinganisha tu.

Cha pili ni kujua kama kuna dai imefichwa. Dondosha tone kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, ongeza matone ya maji katikati. Pigmenti inabaki karibu na katikati, dai inatembea na maji inatengeneza pete ya zambarau au ya bluu au ya kahawia pembeni. Ukiona pete ya rangi nyingine, chupa hiyo haifai, kuna watengenezaji wanatia dai ili weusi uonekane mkali zaidi.

Cha tatu ni kuelewana na jelatini. Loweka gramu 2 za jelatini kwenye mililita 20 za maji baridi nusu saa, yeyusha kwa kuweka kikombe ndani ya maji ya moto, ifike nyuzi 45 au 50 tu, usichemshe maana ikipita 60 kwa muda inapoteza nguvu. Tia matone kumi ya wino uliotangulia kuuzimua na maji ya moto kidogo, koroga taratibu. Iache kwenye joto hilo saa nzima alafu chota kidogo umwage kwenye kioo, kishike kwenye mwanga. Inatakiwa iwe laini moja kama kivuli, ukiona mchanga mchanga au mawingu basi gundi ya wino huo na jelatini yako havipatani. Jaribu na jelatini nyingine kabla hujaukataa wino, kosa linaweza kuwa upande wowote.

Cha nne watu wengi hawakijui na mimi nakiona ndo muhimu kupita vyote. Mwaga ile jelatini yenye wino kwenye kipande cha plastiki, ikauke siku nzima au mbili, bila dikromati yoyote, alafu iingize kwenye maji ya nyuzi 45. Lazima iyeyuke yote, isiache ngozi, isiache utando. Ikibaki hata utando mwembamba maana yake kuna kitu kwenye wino huo kinaikaza jelatini bila mwanga, na printi zako zote zitakuwa na ukungu kwenye nyeupe, utalaumu negativu na taa miezi kumbe ni chupa.

Cha tano ni doa. Paka jelatini hiyohiyo ya moto kwenye kipande cha karatasi utakayohamishia picha, iache dakika chache, ioshe kwa maji ya moto. Karatasi irudi nyeupe. Ikibaki kijivu, ama karatasi haijapakwa jelatini ya kutosha ama chembe ni ndogo mno zinaingia kwenye nyuzi za karatasi. Paka karatasi tabaka lingine la jelatini iliyokazwa na upime tena.

Kwa rangi zisizo kaboni ongeza cha jua, paka mstari, funika nusu kwa karatasi nyeusi nzito, bandika dirishani panapopigwa jua uusahau miezi mitatu au zaidi. Kama tyubu ina alama ya ASTM, ile daraja ya rangi kuvumilia mwanga, ya kwanza au ya pili unaweza kuamini, chini ya hapo usitumie. Nyekundu ya alizarini, PR83, ni nzuri machoni na inachuja, weka PR122 au PV19 badala yake.

Kiasi gani utie

Msingi wa lita moja ambao unafanya kazi: jelatini gramu 90, sukari gramu 50, glisarini mililita 10, maji yaliyobaki. Kwenye mji wenye unyevu kama Tanga, Dar au Mombasa punguza glisarini au iache kabisa, tishu itanata.

Wino wa India anza na mililita 10 kwa lita, tengeneza na nyingine za 20 na 30 kwa ujazo mdogo mdogo ulinganishe. Masizi uliyosaga mwenyewe anza na gramu 2 kwa lita, panda mpaka 5. Na uelewe unachofanya hapa, maana kiasi cha pigmenti kinabadilisha picha nzima sio weusi tu. Pigmenti ikiwa nyingi inazuia UV kuingia ndani, weusi wote unapatikana kwenye ngozi ya juu, kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe, inakuwa kubwa na ile mwinuko wa jelatini unaoonekana printi ikipigwa mwanga wa pembeni unakuwa mdogo. Pigmenti ikiwa chache na tabaka likawa nene, mwanga unaingia mbali, mwinuko unakuwa mkubwa, unaugusa kwa kidole kabisa, ila negativu inatakiwa iwe na kontrasti ya kutosha. Dikromati nayo inaingia kwenye hesabu hii, myeyusho dhaifu wa asilimia 1 unaongeza kontrasti, wa asilimia 4 unapunguza, kwahiyo kama wino umezidi kidogo unaweza kurekebisha kwa dikromati bila kutupa tishu.

Namna ya kulinganisha kwa haki ni kutumia kipimo cha ngazi, yaani kipande cha filamu chenye vijivu vinavyopanda hatua kwa hatua, kile cha kampuni ya Stouffer chenye ngazi 21 kinatosha, kila ngazi inazidi iliyopita kwa 0.15 ya densiti, yaani kipimo cha weusi. Printi ngazi hizo kwa kila kiasi cha wino kwa mwanga uleule na dikromati ileile, alafu hesabu ni ngazi ngapi unazitofautisha kutoka nyeusi kamili hadi nyeupe. Andika kwa kalamu ya risasi nyuma.

Kurekebisha toni

Msingi uwe kaboni, alafu rangi nyingine ni viungo. Kupasha joto tumia kahawia ya udongo uliochomwa, PBr7, au oksaidi nyekundu PR101. Kupoza tumia bluu ya ftalo PB15:3 kidogo mno, ina nguvu ya kutisha, au PB60 ambayo ni tulivu zaidi na ndo ninayoipenda. Chukulia sehemu tisa za nyeusi kwa moja ya rangi kuwa ni mwisho wa mabadiliko makubwa, mara nyingi nusu ya hapo inatosha.

Bluu mbili ziwekee alama. Ultramarini PB29 inaharibiwa na asidi, na ile metabisulfaiti tunayosafishia dikromati iliyobaki kwenye printi ina asidi. Bluu ya Prashia PB27 inaharibiwa na alkali, kwahiyo isikutane na soda. Na ujue kwamba nyekundu na kahawia za chuma zinakula UV nyingi kuliko bluu, ukitia za kutosha muda wa mwanga unaongezeka, usitumie muda uleule wa tishu nyeusi tupu.

Kuna ile oksaidi nyekundu ya unga inayouzwa maduka ya ujenzi kwa ajili ya kutilia rangi sakafu za saruji. Ni oksaidi ya chuma, haichuji, na inatoa printi nyekundu kama chaki ya wachoraji wa zamani. Adolphe Braun kule Dornach, Alsace, alitengeneza printi za kaboni za michoro ya makumbusho ya Ulaya kwa maelfu, na mchoro uliochorwa kwa chaki nyekundu alikuwa anautoa kwa pigmenti nyekundu hivohivo, ndo nguvu ya njia hii. Ila unga wa sakafu ni wa mchanga mchanga na unaweza kuwa na chumvi, kwahiyo uoshe. Koroga kwenye ndoo ya maji safi, subiri dakika mbili tatu vilivyo vizito vizame, mimina maji mekundu ya juu kwenye chombo kingine, yaache usiku mzima yatulie, mwaga maji safi ya juu, rudia. Unga unaobaki chini kwenye chombo cha pili ndo wako, usage na gamu arabiki kama masizi, alafu upitishe kwenye kile kipimo cha nne bila huruma.

Kumwaga

Pigmenti ikiwa tayari, izimue na maji ya moto kidogo, imwage kwenye jelatini polepole ukikoroga bila kupiga povu, chuja kwa soksi ya nailoni, acha sufuria ikae kwenye nyuzi 40 mpaka viputo vipande juu uvitoe. Mililita 90 zinatosha sentimita 30 kwa 30 kupata unene wa milimita 1 ikiwa mbichi.

Joto la kwetu lina jambo lake hapa. Chumba kikiwa na nyuzi 30 jelatini inachelewa sana kuganda, na muda wote huo pigmenti nzito kama za chuma zinazama chini. Mwanga unapiga kutoka juu, sehemu nyepesi za picha zinatengenezwa na ile ngozi ya juu kabisa ya tishu, kama pigmenti imezama ngozi hiyo haina rangi, na mawingu yako yatapotea hata upige mwanga vipi. Mwaga juu ya kioo kinene au kipande cha marumaru kilichosawazishwa kwa pima maji, chini yake mifuko ya barafu iliyofunikwa kitambaa, igande ndani ya dakika chache. Kaboni ni nyepesi inavumilia kidogo, oksaidi haivumilii.

Dikromati inaingia baadae lakini niseme, ni sumu na inasababisha saratani, glavu za naitraili kila wakati, miwani, isiguse chombo cha chakula, na isimwagwe kwenye sinki wala karibu na kisima. Maji yaliyobaki yatie metabisulfaiti mpaka yageuke kutoka chungwa kuwa kijani, hapo sumu yake inapungua sana, alafu yahifadhi kwenye dumu lenye alama uyapeleke panapopokea taka za kemikali. Asiyetaka kabisa kuigusa dikromati atumie DAS, kemikali nyingine ya kuifanya jelatini ishikwe na mwanga, inachanganywa moja kwa moja ndani ya jelatini, ila inaacha umanjano kidogo kwahiyo pima toni yako upya, usitegemee ile ya dikromati.

Wino ukishakukubalia, nunua chupa za kutosha msimu mzima kwa mara moja kutoka toleo moja, maana kampuni hubadilisha mchanganyiko bila kusema. Kila chupa iandike namba ya pigmenti, tarehe uliyofungua na mililita ulizotumia kwa lita, na bandika juu yake kipande cha ile karatasi ya kipimo cha kwanza. Kabla ya kila sufuria mpya tikisa chupa vizuri, paka tone lililozimuliwa pembeni ya kipande hicho, vikifanana endelea, visipofanana rudi kwenye kipimo cha tatu na cha nne kabla hujaloweka jelatini.